Namna ya Kuirudia Contra Ukiwa Mtu Mzima

Wengi waliokua Afrika Mashariki katika miaka ya 1990 waliijua Contra, mchezo wa video wa kukimbia na kufyatua risasi, kupitia mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo ya Japani, zenye kaseti za manjano zilizodai kubeba michezo 9999 ilhali ndani yake michache tu ilikuwa ikijirudia. Leo mchezo huo unapatikana kihalali katika Contra Anniversary Collection, mkusanyo wa michezo 10 ambao Konami, kampuni iliyoutengeneza, iliutoa mwaka 2019 kwa ajili ya Switch, PlayStation 4, Xbox One na kompyuta. Maelekezo haya yanamlenga mtu mwenye kazi na familia, ambaye hupata nusu saa tu baada ya watoto kulala. Nusu saa hiyo inatosha, kwa kuwa Contra ya NES (jina la Famicom nje ya Japani) ina hatua 8 tu, na anayeifahamu vizuri huimaliza kwa kikao kimoja kama hicho. Kilichotuchukua miezi utotoni ni kujifunza.

Kabla hujavilaumu vidole vyako, anza na runinga. Runinga za kichogo zilionyesha picha papo hapo, lakini runinga bapa huichakata picha kwanza, na ucheleweshaji huo mdogo unatosha kukuua katika mchezo ambamo risasi moja ni kifo. Ingia kwenye mipangilio ya runinga na uwashe hali ya gemu. Kisha, katika mipangilio ya mkusanyo wenyewe, chagua picha yenye uwiano wa 4:3, kwa sababu ukiitandaza ijaze skrini, askari wananenepa na jicho linakosea umbali wa kuruka.

Anza na toleo la NES la mwaka 1988, kwa kuwa ndilo linalokaribiana zaidi na kumbukumbu zetu. Toleo la Famicom nalo lina thamani yake: kaseti ya Kijapani ilikuwa na chipu ya ziada, hivyo utaona miti ikitikisika, theluji ikianguka na ramani kati ya hatua moja na nyingine. Matoleo yenye jina la Probotector ni ya soko la Ulaya, ambako binadamu waligeuzwa kuwa roboti. Hard Corps ya mwaka 1994 iache mwisho kabisa, kwani ni ngumu kuliko yote.

Jambo linaloamua kama utafurahia au utachoka ni jinsi unavyotumia uwezo wa kuhifadhi mchezo mahali popote, uwezo ambao hatukuwa nao zamani. Ukihifadhi baada ya kila mruko, utaimaliza Contra usiku mmoja bila kujifunza chochote, na hutakuwa na sababu ya kuirudia. Hifadhi mwanzoni mwa hatua tu. Kuna sababu nyingine ya kivitendo pia: ukifa unapoteza bunduki uliyookota na kurudi na ile ya kawaida, kwa hiyo ukihifadhi mbele ya bosi, yaani adui mkubwa wa mwisho wa hatua, mara tu baada ya kufa, umejifungia mahali pabaya zaidi ukiwa na silaha dhaifu kuliko zote. Ukihifadhi mwanzoni mwa hatua ukiwa na bunduki yenye herufi S, inayotawanya risasi tano kwa mpigo, kila jaribio linaanza kwa haki.

Jipangie hatua moja kwa usiku. Mizinga ya ukutani na mitego hukaa pale pale kila mara, hivyo kazi yako ni kukariri: daraja la hatua ya 1 hulipuka unapolivuka, na risasi nyingi hukupita juu ukilala chini. Mimi nilitumia siku nne kwenye miale ya moto ya hatua ya 6, na siku nilipoivuka bila kufa nilisikia raha ambayo sikuwahi kuipata nikiwa mtoto, kwa sababu safari hii nilijua kwa nini nimevuka.

Maisha matatu yakikushinda, tumia ule msimbo bila aibu: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kitufe cha kufyatua, kitufe cha kuruka, kisha Start, ukiwa kwenye skrini ya jina. Utapata maisha 30. Kazuhisa Hashimoto wa Konami aliubuni alipokuwa akiuhamishia kwenye Famicom mchezo mwingine wa Konami, Gradius, katika toleo lililotoka mwaka 1986, kwa kuwa yeye mwenyewe aliuona mgumu mno kuujaribu. Utumie wiki ya kwanza kuizunguka ramani yote, kisha uuache.

Hatimaye tafuta pedi ya pili na umwite ndugu yako au mwanao. Kwa wachezaji wawili, bonyeza Select baada ya msimbo, kisha Start. Mnapofika kwenye maporomoko ya maji ya hatua ya 3, kubalianeni kwanza nani atangulie, kwani skrini hupanda pamoja na aliye juu, na aliyebaki chini ya ukingo wake hufa hapo hapo. Anayeijua njia asubiri, amwache mgeni aruke kwanza.