Namna ya Kulitia Shairi la Christina Rossetti Katika Mizani ya Kiswahili

Usianze na tarehe. Wapeleke watoto Mama Ngina, ufukoni hapa Mombasa, wakati wa upepo wa kusi, wakae kimya wakiitazama minazi inavyolala upande mmoja, kisha uwaulize swali aliloliuliza Christina Rossetti katika Sing-Song, kitabu chake cha mashairi ya watoto cha mwaka 1872: ni nani aliyeuona upepo?

Wakishabishana vya kutosha, ndipo uwaeleze habari zake. Alizaliwa London tarehe 5 Desemba 1830, binti wa mshairi wa Kiitalia aliyekimbilia Uingereza kwa sababu za kisiasa, na babu yake mzaa mama ndiye aliyemchapia mashairi yake ya kwanza kwa mtambo wake mwenyewe mwaka 1847, binti akiwa na umri wa miaka 16. Hakuolewa wala hakuzaa, lakini kitabu hicho cha Sing-Song alikitunuku, bila idhini kama alivyoandika mwenyewe, kwa mtoto mchanga aliyemwamshia fikra zake. Jambo hilo usiliache, kwa maana watoto hulipenda mno. Alifariki mwaka 1894.

Sasa ingia katika kazi yenyewe. Shairi lake hilo la upepo lina beti mbili, kila ubeti mistari minne mifupi, na mistari hiyo ukiipanga miwili miwili hukaa sawasawa katika ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili) wa mshororo wetu wa mizani, yaani silabi, 16, ule ule alioutumia mshairi wa kale Muyaka bin Haji hapa Mvita, yaani Mombasa. Kwa hiyo kila ubeti wake unakuwa tathnia, yaani ubeti wa mishororo miwili. Waonyeshe wa kwanza, wahesabu kwa vidole, nane kwa nane:

Nani kaona upepo, si mimi wala si wewe,
Majani yatetemapo, ndipo wapita ujuwe.

Jihadhari na neno lenyewe. Niliwahi kumruhusu mtoto alifupishe liwe "pepo" ili apate mizani, na ingawa mabaharia husema pepo za kusi, darasa zima lilisikia jini, na shairi likatuharibikia. Afadhali upunguze silabi kwingineko. Ndiyo maana nimeandika "kaona" badala ya "ameuona".

Katika ubeti wa pili mshairi amegeuza mpangilio, akamtanguliza "wewe" mbele ya "mimi" ili apate kina kipya, na kwa bahati njema Kiswahili kinageuka naye bila kupoteza hata silabi moja. Yeye alitaja miti inayoinamisha vichwa. Hapa ni minazi:

Nani kaona upepo, si wewe wala si mimi,
Minazi iinamapo, …

Utao wa mwisho usiwaandikie. Wape maneno kama uvumi, ulimi na hausemi, uwaachie watafute nane zao.