Somo la mpira wa magongo: Kuitoa timu ya vijana kwenye 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu) na kuijaribu 3-3-3-1 ndani ya mechi

Usibadili mfumo kwa sababu mlifungwa wiki iliyopita. Badili pale unapoona tatizo ambalo mfumo mlionao hauwezi kulitibu. Kwenye magongo ya vijana tatizo hilo mara nyingi ni hili: wapinzani wana washambuliaji wawili, ninyi mna mabeki wanne, kwa hiyo wawili hawana wa kumkaba, huku viungo wenu watatu wakizidiwa idadi katikati. 3-3-3-1 inampandisha beki mmoja kwenye mstari wa viungo, kiungo mmoja anasogea mbele kuwa namba 10, mawinga wanashuka kidogo kumpa upana, na mbele anabaki mshambuliaji mmoja.

Hatua ya 1: Chagua watu watatu kwanza

Wa kwanza ni beki wa kushoto. Gongo lina uso mmoja tu bapa unaoruhusiwa kuchezea. Winga wa kulia wa mpinzani anapokuja, mpira uko mkono wake wa kulia, karibu na mstari wa pembeni, yaani upande wa kushoto wa beki wako, ambako lazima ageuze gongo ili kuunyang'anya. Mwenye miguu mizito hapo ataumia mechi nzima. Mweke mwepesi, asiyekurupuka kutupa gongo, anayeweza kurudi nyuma huku akimbana winga kwenye mstari.

Wa pili ni kiungo mkabaji wa katikati. Yeye hashambulii. Kama una kijana hodari asiyeweza kukaa sehemu moja, si huyo.

Wa tatu ni mshambuliaji. Atakuwa peke yake, hivyo lazima ajue kuupokea mpira akiwa amelipa goli mgongo na kuushikilia sekunde mbili tatu hadi namba 10 afike.

Hatua ya 2: Tembeeni kwanza

Uwanja ni mita 91.4 kwa 55. Panga koni kuonyesha mistari minne ya timu, ikiachana kama mita 15. Maana yake kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji ni mita 45, nusu ya uwanja. Wachezaji kumi watembee bila mpinzani. Wewe unasogeza mpira kwa mkono, nao wanahama pamoja. Dakika kumi zinatosha, kisha ongeza wapinzani sita.

Kosa utakaloliona mapema: mabeki watatu wanatawanyika kana kwamba bado wako wanne, na katikati linafunguka pengo linaloelekea moja kwa moja kwenye D, ile nusu duara mbele ya goli ambamo ndani yake tu goli hufungwa. Mpira ukiwa kulia, beki wa kushoto aingie ndani hadi usawa wa nguzo ya mbali ya goli. Winga wa mpinzani aliye upande wa pili wa uwanja aachwe tu. Pasi ya kumfikia ni ndefu, muda wa kumwendea utakuwepo.

Hatua ya 3: Sheria ya kupoteza mpira

Hapa ndipo mfumo huu unapofia, na si kwenye ubao. Wafundishe mambo mawili tu. Aliye karibu na mpira anambana mwenye nao papo hapo, na winga wa upande wa mbali anakimbia kuingia katikati.

Angalieni sana mipira ya adhabu. Mpigaji anaruhusiwa kujipasia mwenyewe, kwa hiyo mpira unaondoka wakati vijana wako bado wanamgeukia mwamuzi kulalamika. Filimbi ikilia, wote warudi nyuma ya mpira kwanza na wakae mita 5 kutoka kwenye mpira. Aliyebaki karibu na kuingilia anawaongezea adhabu.

Hatua ya 4: Siku ya mechi

Anza na 4-3-3 robo ya kwanza ili uone wapinzani wamejipangaje. Jaribu 3-3-3-1 robo ya pili yote, hata mkifungwa goli moja. Msaidizi ahesabu vitu viwili kwa kila robo: mara tulizoingia D yao, na mara walizopita nyuma ya mabeki wetu. Mapumziko yakifika, linganisha. Matokeo ya ubaoni hayakuambii mengi ndani ya robo moja.

Mabadiliko hayana kikomo, lakini toa wawili kwa mkupuo, wasizidi. Ingiza mtu kwa kazi, yaani mkabaji kwa mkabaji. Kumbuka penalti kona (kona maalum inayotolewa hasa kwa kosa la wakabaji ndani ya D) ikishatolewa hakuna kubadilisha hadi iishe.

Maswali ya wanachama

*Kocha, shikamoo. Wapinzani wetu huacha washambuliaji watatu juu muda wote. Mabeki watatu watatosha?*

Marahaba. Hawatoshi, kwa sababu hakuna wa ziada. Na magongo hayana ofsaidi tangu miaka ya 1990, kwa hiyo mmoja anaweza kusimama mdomoni mwa D yako bila kosa. Mshushe mkabaji awe beki wa nne mnapokuwa hamna mpira, kisha apande mkiupata. Akikosa pumzi ya kufanya hivyo, rudi 4-3-3.

*Tukipata kadi tupange vipi?*

Kijani ni dakika 2, njano ni 5 au zaidi, na mnacheza pungufu muda wote huo. Usiguse mistari miwili ya nyuma. Ondoa winga mmoja, mwambie namba 10 aegemee upande huo: 3-3-2-1.

*Penalti kona inabadilika?*

Hapana. Wanaokaba ni watano pamoja na kipa, waliobaki wako nyuma ya mstari wa katikati ya uwanja. Shida huja mpira ukishaokolewa: wale wa katikati hurudi kila mtu anapopaona. Wapangie mapema nani anaziba kulia, kati na kushoto.

*Wangu ni chini ya miaka 12, saba kwa saba. Nifuate somo hili?*

Chukua hatua ya 3 peke yake. Kwa mpangilio tumia 2-3-1 mbele ya kipa, na uwazungushe nafasi kila mechi.

*Mazoezi mangapi kabla ya kujaribu?*

Matatu, kwa uchache. La tatu liwe mechi ya mazoezi yenye mwamuzi na filimbi, la sivyo ile kasi ya mipira ya adhabu wataikuta uwanjani kwa mara ya kwanza.