MGB iliyorudi kutoka Marekani: kutoa pampu ya hewa bila kuiharibu injini

MGB (gari dogo la michezo la Kiingereza) zilizouzwa Marekani kuanzia 1968 zilifungwa vifaa vya kupunguza moshi ambavyo wenzake wa Uingereza hawakuwa navyo. Nyingi sasa zimerudishwa Ulaya, na mwenye gari akifungua boneti anakuta pampu iliyokwama, mkanda uliokauka na mahosi yaliyopasuka. Maelezo haya ni ya injini ya 1798 cc yenye kabureta mbili za SU, yaani magari ya mpaka 1974. Zilizofuata, zenye kabureta moja ya Zenith-Stromberg, zina mpangilio mwingine.

Sheria kwanza. Marekani, sheria ya shirikisho inakataza kutoa vifaa hivi. California haiyapimi moshi magari ya 1975 kurudi nyuma, lakini kutopimwa si kuruhusiwa. Uingereza, gari lililoanza kutumika kabla ya Agosti 1975 linaangaliwa moshi kwa macho tu. Kama gari lako liko Marekani, tengeneza pampu, usiitoe.

Pili, usitegemee nguvu. Pampu inakula nguvu kidogo sana. Injini za Marekani kuanzia 1972 zilishushwa kompresheni hadi 8 kwa 1, na hilo huliondoi kwa spana. Unachopata ni nafasi ya kufikia plagi, kelele chache, na mahosi machache ya kuvuja.

Kazi yenyewe

Siku mbili kabla, loweka kwa oili ya kupenya nati nne za bomba la hewa lililopita juu ya plagi. Bomba hilo linapeleka hewa kwenye matundu ya ekzosi ndani ya silinda hedi, kwa hiyo nati zimeungua miaka hamsini. Tumia spana ya kushika nati pande zote. Spana ya mdomo wazi itaila kona, na ikishaliwa utajikuta unafungua hedi nzima kwa ajili ya nati moja. Ikigoma, iwashe injini ipate moto, izime, kisha ujaribu tena.

Legeza pampu, toa mkanda wake, halafu ifungue pamoja na breketi zake. Angalia hapa: bolti iliyokuwa imebana breketi pamoja na kitu kingine ni ndefu kuliko ya kawaida. Ukiirudisha bila breketi inagota mwisho wa tundu kabla ya kubana. Mkononi utaona imekaza, lakini kilicho chini yake kimelegea. Weka bolti fupi, au jazia kwa washa.

Matundu manne ya hedi yazibwe kwa bolti za inchi 7/16 UNF, thredi 20 kwa inchi, ziwe fupi. Ziingize kwa vidole kwanza. Isipoingia kwa vidole, thredi zina masizi, zisafishe kwa tapu, kifaa cha kukatia thredi, ya saizi hiyo. Bolti ndefu inachungulia ndani ya njia ya ekzosi, karibu na valvu. Paka grisi ya shaba. Usitumie tepu nyeupe ya mabomba ya maji: joto la hapo linaiunguza, kisha moshi unaanza kutoka, ukitoa mlio wa tu-tu-tu unaofuata mwendo wa injini. Moshi huo unapiga waya za plagi moja kwa moja na kuziyeyusha.

Hamia upande wa kabureta. Valvu ya kumeza hewa, sehemu ya mfumo wa pampu hiyo, ina hosi mbili zinazoishia kwenye manifoldi ya kuingizia: nene ya hewa na nyembamba ya vakyumu. Zote mbili zizibwe kwenye manifoldi, kwa kizibo cha chuma chenye thredi, si kwa hosi iliyochomekwa bolti, maana mpira unapasuka. Ukisahau ile nyembamba, silinda za karibu nayo zitavuta hewa ya ziada, zitapata mafuta machache na kuchemka. Magari ya 1973 na 1974 yana pia valvu ya kurudisha moshi. Ukiitoa, funika pande zote mbili, kwa ekzosi na kwa manifoldi, kwa bati la chuma la milimita 3 na gasketi ya kuhimili moto.

Usivyopaswa kutoa

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Hosi inayotoka kwenye kifuniko cha mbele cha tapeti kwenda kwenye kabureta mbili ibaki. Inanyonya mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini. Ukiikata, shinikizo linapanda na oili inatafuta pa kutokea, mara nyingi nyuma, ikidondokea klachi.

Kanista nyeusi ya mkaa nayo ibaki. Watu huiona ni takataka, lakini tangi la mafuta linapumua kupitia humo, kwa sababu kifuniko cha tangi cha magari haya hakina tundu. Ukiziba hosi yake, petroli inapotumika tangi linabaki na vakyumu, pampu ya mafuta inagonga polepole, na gari linazima baada ya mwendo fulani. Fungua kifuniko cha tangi: ukisikia hewa inaingia fyuuu, umepata jibu. Kanista hiyo hiyo ndiyo inaipa injini hewa safi kupitia kijibomba cha kifuniko cha valvu, chenye tundu jembamba makusudi. Usilipanue, na usiweke kifuniko cha oili chenye tundu: hewa itazidi na mchanganyiko utaharibika.

Visahani vya kabureta

Kabureta za Marekani zina kijivalvu chenye springi katikati ya kisahani cha throto. Springi ikichoka, injini inabaki juu ya mizunguko 1,500 hata ukiachia mafuta, na hakuna skrubu itakayoishusha. Badilisha kisahani kwa kile kisicho na kijivalvu, au kizibe kwa kulehemu kwa risasi. Skrubu zake mbili za shaba zina ncha iliyopasuliwa. Ukishakiweka kisahani katikati na kukaza, zitanue ncha hizo kwa bisibisi. Skrubu isiyotanuliwa inalegea na kudondoka ndani ya silinda.

Mwisho, seti upya. Pasha injini, sawazisha kabureta mbili kwa kusikiliza mvumo kwa hosi, kisha inua pistoni ya kabureta kama milimita 1. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ukishuka hapo hapo, ni machache. Ukipanda kidogo na kutulia, umepata. Kwenye HIF4, aina mojawapo ya kabureta hizi za SU, kuzungusha skrubu ya mchanganyiko kufuata saa kunaongeza mafuta. Taimingi ya cheche ifuate namba iliyogongwa kwenye mwili wa distribyuta, kwani zilibadilishwa mara nyingi.

Pampu, bomba na breketi zipake oili, zifunge kwenye boksi moja na uandike juu yake namba ya injini. Atakayelirudisha gari Marekani atazihitaji.