Jinsi ya kusubiri volyumu mpya na kubishana bila kuharibiana kitabu

Kabla sijaanza, humu nitagusa mambo ya ndani ya A Song of Ice and Fire ya George R.R. Martin na The Wheel of Time ya Robert Jordan, mifululizo miwili ya hadithi za fantasia, vile vitabu ambavyo vimeshatoka, kwa hiyo kama bado uko katikati ya mojawapo ishia hapa urudi ukimaliza, sitaki kabisa kukuharibia.

Haya. Kitu cha kwanza jua unasubiri nini, maana kusubiri kuko kwa aina, na wengi wanaoteseka ni wale wanaosubiri kitabu kisicho na tarehe kwa roho ya mtu aliyepewa tarehe. Wind and Truth, kitabu cha tano cha mfululizo wa Stormlight, kilikuwa na siku yake, 6 Desemba 2024, na Brandon Sanderson ana kawaida ya kuweka kwenye tovuti yake asilimia ya kazi alipofikia, kwa hiyo msomaji wake anaweza kupiga hesabu kabisa. The Winds of Winter, kitabu cha sita cha A Song of Ice and Fire, haina siku. A Dance with Dragons, kitabu cha tano, ilitoka 12 Julai 2011 na toka hapo George R.R. Martin ametoa sura chache za kuonja tu, kitabu kizima bado. Hizo subira mbili hazifanani hata kidogo na mtu akizichanganya anajichosha bure.

Kama tarehe ipo, piga hesabu leo. Chukua jumla ya kurasa za volyumu zilizotangulia ugawe kwa kurasa unazosoma siku ya kawaida, nasema siku ya kawaida, sio ile wikiendi uliyojifungia ndani ukasoma mia tatu. Volyumu nne za kurasa elfu moja moja kwa kasi ya kurasa 50 kwa siku ni siku 80, weka na wiki mbili za dharura, tayari unaongelea miezi mitatu. Ukiona muda hautoshi usikimbize macho kwenye kurasa ili tu uje useme umerudia zote, haikusaidii kitu, bora usome volyumu ya mwisho nzima kwa utulivu afu huko nyuma uchague sura za wahusika unaojua hadithi imewaacha pabaya.

Kama tarehe haipo, tafadhali usirudie mfululizo mzima kila mwaka. Mi nilifanya hivo miaka mitatu mfululizo na mwaka wa tatu nikagundua nasoma sentensi nazozijua kwa kichwa, hazinigusi tena, na ile ni hasara kubwa sababu kile kitabu nilikipenda kweli. Dawa niliyoipata ni kusoma mhusika mmoja mmoja. Vitabu vya Martin vinakubali hii vizuri sana maana sura nyingi zimepewa jina la mhusika ambaye unaona mambo kwa macho yake, unaweza kusoma Bran peke yake toka kitabu cha kwanza hadi cha tano, siku chache tu, na utashangaa, unaona kijana mmoja anavyobadilika bila kukatizwa na vita vya watu wengine. Na kuna hili la A Feast for Crows ya 2005 na A Dance with Dragons, mwandishi aliona kitabu kimekuwa kikubwa mno akakigawa kwa kufuata wahusika na maeneo, Jon, Daenerys na Tyrion ukakaa miaka kumi na moja, toka A Storm of Swords ya 2000, hujasoma sura zao, wakati matukio ya vitabu vyote viwili kwa sehemu kubwa yanatokea kwa wakati mmoja. Zisome kwa kuchanganya sura, moja ya huku moja ya kule kwa kufuata mtiririko wa muda. Ni kama kusoma kitabu kipya, nakuambia ukweli.

Sasa daftari. Hapa ndo pana kazi na hapa ndo watu wanaruka, afu wakija kubishana wanabaki na "nakumbuka kuna sehemu alisema..." Huwezi kushinda hoja na nakumbuka. Andika sura, nani kasema, kamwambia nani, na muhimu kuliko yote amejuaje. Mi nagawa kila dokezo mafungu matatu: mhusika kaona kwa macho yake, mhusika kasikia kwa mtu, au ni ndoto na utabiri. Ukishagawa hivyo utaona nadharia nyingi zinazotisha kwa ukubwa zimesimama juu ya fungu la pili peke yake, yaani umbea wa watu wa ikulu ambao kila mmoja ana sababu ya kudanganya.

Na hata fungu la kwanza usiliamini kichwa kichwa. Mfano ninaoupenda ni wa Sansa. Usiku wa vita vya Blackwater, kwenye A Clash of Kings, Sandor Clegane, askari wa ikulu, anamkuta chumbani, kuna wakati msichana anadhani jamaa anataka kumbusu, anafumba macho, busu halitokei. Nenda kasome, halipo. Vitabu vya mbele Sansa anakumbuka kwamba alibusiwa. Mwandishi hakuambii popote kwamba binti anakosea, amekuacha wewe mwenyewe urudi nyuma ulinganishe, na ukishaliona hilo unaanza kuuliza kumbukumbu zingine zote kwenye hivi vitabu, nani mwingine anakumbuka kitu ambacho hakikutokea? Hilo ndo swali la kuingia nalo kwenye mjadala, linafungua mambo kuliko kelele za nani atakaa kwenye kiti cha enzi.

Utabiri nao una adabu yake. Uandike maneno yenyewe kama yalivyo kitabuni, usiandike ulivyoelewa. Kwenye A Feast for Crows tunajua malkia Cersei alitabiriwa utotoni kwamba atakabwa koo na valonqar, neno la Valyria ya kale lenye maana ya mdogo wa kiume, na yeye maisha yake yote ameamini ni Tyrion, mdogo wake, chuki yake nzima imejengwa hapo. Ila Cersei na Jaime ni mapacha na Cersei ndo alitangulia kutoka, yeye kurwa, Jaime doto, kwa hiyo Jaime naye ni mdogo wake. Mtu aliyeandika kwenye daftari "Tyrion atamuua Cersei" hilo hataliona hata asome mara kumi, aliyeandika neno lenyewe analiona mara ya pili tu. Na kuna wanaoenda mbali zaidi wanasema mdogo sio lazima awe mdogo wake yeye, anaweza akawa mdogo wa mtu yeyote, hapo mi binafsi naona mlango umefunguliwa mno ila siwezi kuwakatalia kwa maandishi, na kwa kuwa siwezi, nawaachia.

Ukifika kwenye kujenga nadharia yako mwenyewe, kabla hujamwambia mtu jiulize kitabu kikisema nini utakubali kwamba umekosea. Liandike. Kama hamna kitu chochote ambacho kitakufanya uiache, basi hiyo umeipenda tu, na kupenda ni ruhusa, ila usiilete kama hoja. Wasomaji wa The Wheel of Time walipitia shule kubwa sana hapa. Lord of Chaos ilipotoka 1994 watu wengi wakashawishika kwamba mhusika Mazrim Taim ni Demandred, mmoja wa maadui wakubwa wa hadithi, aliyejificha, na ushahidi haukuwa mdogo, ni wasomaji makini walioukusanya mstari kwa mstari. Robert Jordan akakana mwenyewe. Wengine bado hawakukubali, wakaanza kutafsiri kukana kwake, na A Memory of Light ilipokuja Januari 2013 Demandred alikuwa mtu mwingine sehemu nyingine kabisa. Walioiacha nadharia mapema waliusoma ule ujio wake kwa mshangao mtamu, wale walioing'ang'ania waliusoma kwa hasira, na kitabu ni kilekile. Nawaonea huruma hadi leo, maana walikuwa wamesubiri kama sisi.

Kinyume chake ni Asmodean, mhusika mwingine wa The Wheel of Time. Mwishoni mwa The Fires of Heaven, 1993, anafungua mlango, anamwona mtu, anauawa, na msomaji haambiwi ni nani aliyemuua. Watu walibishana miaka 17, Jordan akiulizwa maswali ya namna hii jibu lake lilikuwa soma utajua. Jibu lilikuja 2010 kwenye Towers of Midnight, tena sio ndani ya hadithi, liliwekwa kwenye faharasa ya maneno mwisho wa kitabu. Sitalitaja hapa. Cha kujifunza ni cha vitendo kabisa: kitabu kipya kikifika mkononi usifungue kurasa za nyuma, wala orodha ya wahusika, wala viambatisho, kwanza soma hadithi.

Kwenye kubishana kwenyewe, kubalianeni mapema ushahidi upi unahesabika. Vitabu tu? Mahojiano ya mwandishi yanaingia? Sura za kuonja je, ambazo mwandishi anaweza kuzibadilisha kabla ya kuchapa? Na tamthilia? Hii ya mwisho inaleta ugomvi kuliko zote. Game of Thrones iliisha 2019 ikiwa imevipita vitabu, na ilishaachana navyo zamani, mhusika Lady Stoneheart yupo mwishoni mwa A Storm of Swords na kwenye tamthilia hayupo kabisa, yule kijana anayejiita Aegon naye hayupo, sasa mtu akikuambia mwisho tunaujua tayari muulize hao wawili wamekwenda wapi. Mi naichukulia tamthilia kama dokezo la fungu la pili, nimesikia kwa mtu.

Afu kabla hujampinga mtu, rudia hoja yake kwa maneno yako hadi yeye aseme ndio hivyo hivyo nilivyomaanisha. Inachosha lakini nusu ya ubishi unaishia palepale. Niliwahi kukaa wiki mbili sielewani na rafiki yangu kuhusu nani wazazi wa mhusika fulani, tukaja kugundua yeye anaongelea anachoamini mhusika na mi naongelea ukweli wa hadithi, wote tulikuwa sahihi. Taja pia umesoma hadi wapi na uulize mwenzako amefika wapi, kila mara, hata kama unamjua, na ukitaka kusema kitu cha mbele taja kwanza jina la volyumu ili aamue mwenyewe kuendelea au kuondoka. Sura za kuonja nazo zina watu wasiotaka kuzigusa kabisa. Wind and Truth sura zake za mwanzo zilitolewa kidogo kidogo kila wiki kabla kitabu hakijatoka, wengine walizisoma zote, wengine walizifungia macho, na kundi la pili halina deni la kujieleza kwa mtu.

Kuna jambo moja nalisema kwa uzito. Usihesabu umri wa mwandishi. Usimwandikie kumuuliza itakuwaje akifa hajamaliza. Jordan alifariki Septemba 2007 kitabu cha mwisho kikiwa hakijakamilika, Harriet McDougal, mke wake ambaye pia ndo alikuwa mhariri wake, akamchagua Sanderson akimalize kwa kufuata maandishi na maelezo aliyoyaacha marehemu, kikapangwa kitabu kimoja kikawa vitatu, 2009, 2010 na 2013. Sisi tulipata mwisho, yule mama alikuwa anahariri hadithi ya mume wake bila mume wake. Nikikumbuka hilo hamu ya kumsukuma mwandishi yeyote inaniisha.

Wiki ya mwisho, karatasi moja. Andika utabiri wako, kumi inatosha, sentensi fupi fupi ambazo kitabu kinaweza kuzijibu ndiyo au hapana, "fulani atakufa kabla ya nusu ya kitabu" sawa, "mambo yatakuwa magumu" hapana. Weka tarehe, mbele ya kila moja andika una uhakika kiasi gani, afu mpe mtu mwingine aitunze ili usije ukairekebisha. Zima arifa za simu toka siku moja kabla, funga majina ya wahusika na jina la kitabu yasikutokee popote, maana spoila, yaani kufichuliwa yaliyomo kabla hujayasoma, siku hizi inakuja kwenye picha tu, huhitaji hata kusoma. Mkisoma na wenzako wekeaneni vituo, tunasimama mwisho wa sehemu ya kwanza tunaongea, anayekwenda haraka anasubiri kimya, na kimya ni kimya, hamna "we ngoja ufike sura ya arobaini uone", hiyo nayo ni spoila.

Ukimaliza, usiende kwenye karatasi siku hiyohiyo. Kaa na kitabu siku mbili tatu kwanza. Halafu muombe yule mtu akurudishie, pitia moja moja, na kila uliyokosea rudi kwenye daftari utafute dokezo lilikuwa wapi ukalipita, mara nyingi utalikuta lipo na umeliandika kwa mkono wako mwenyewe. Zile ambazo kitabu hakijazijibu zihamishie kwenye ukurasa mpya, na juu yake andika jina la volyumu inayofuata.