Kabla ya Kuandika Insha: Namna ya Kupima Kama Unastahili Ufadhili wa Masomo ya Uzamili

Kila mwaka, ifikapo mwezi Agosti, waombaji wa ufadhili wa Chevening, unaotolewa na Serikali ya Uingereza, huanza kuandika insha zao, na wengi huziandika kabla ya kusoma vigezo vya kustahili. Ninashauri kinyume chake. Insha hupimwa kwa ubora, na inaweza kurekebishwa mara kumi. Kigezo ama unacho ama huna, na ombi lililopungukiwa na sharti moja huondolewa hata kama insha yake ingewatoa wasomaji machozi. Jioni mbili za kusoma masharti zitakuokolea miezi miwili ya kazi bure.

Chukua karatasi uigawe safu tatu. Katika safu ya kwanza nakili kila sharti kwa maneno yaleyale yaliyotumiwa na mfadhili wa mwaka huo, kwa kuwa masharti hubadilika. Katika ya pili andika tarehe ambayo sharti hilo linapimwa. Katika ya tatu andika hati itakayothibitisha kwamba umelitimiza. Safu hii ya tatu ndiyo inayowaumbua wengi, kwa sababu mtu anaweza kuwa na sifa zote lakini asiwe na karatasi ya kuzishuhudia.

Anza na uraia. Chevening hutaka uwe raia wa nchi iliyo katika orodha yake, na kwa kawaida humzuia mwenye uraia wa Uingereza. Mkenya aliyechukua uraia wa nchi mbili, jambo lililoruhusiwa na Katiba ya mwaka 2010, alitazame sharti hili kwanza. Fulbright ya Marekani kwa wanafunzi wa kigeni haimpokei aliyekwisha kupata ukaazi wa kudumu nchini humo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unawahusu raia wa nchi wanachama zinazostahili: Rwanda ilijiunga mwaka 2009, ilhali Burundi na Kongo si wanachama. Hata hivyo, na hili halisemwi vya kutosha, kanuni za ufadhili huo hutaja pia mtu aliyepewa hadhi ya ukimbizi na nchi mwanachama inayostahili na anayeishi humo kwa kudumu. Kwa hiyo Mkongomani mwenye hadhi hiyo nchini Uganda asijiondoe mwenyewe kabla ya kusoma.

Kisha tazama matokeo. Sharti la kawaida la Jumuiya ya Madola ni shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu. Kwa vyuo vya Tanzania, chini ya mfumo wa alama tano, daraja hilo huanzia GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.5, Makerere huanzia 3.60, Kenya huanzia asilimia 60. Usiikuze 3.4 iwe 3.5, kwa sababu cheti chenyewe kitakusuta. Aliye chini ya hapo anaweza bado kuwa na njia, kwa kuwa kanuni hizo hukubali daraja la chini likiambatana na shahada ya juu inayohusiana na fani. Ujerumani ina mtego wa aina nyingine: kozi za uzamili zinazohusu maendeleo, zinazofadhiliwa na DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, hutaka kwa kawaida shahada ya kwanza ya miaka minne, iliyopatikana ndani ya miaka sita iliyopita, pamoja na miaka miwili ya kazi. Shahada nyingi za Tanzania ni za miaka mitatu, hivyo muulize mratibu wa kozi mapema kama yako inakubalika.

Sharti linalohitaji hesabu ni uzoefu wa kazi. Chevening hutaka miaka miwili, nayo huihesabu kuwa saa 2,800, yaani saa 35 kwa wiki, kwa wiki 40 za mwaka, mara mbili. Nilikaa na binti mmoja aliyekuwa amekata tamaa kwa sababu hakuwahi kuajiriwa kwa muda wote. Baada ya kuhitimu alifanya kazi katika duka la dawa siku tatu kwa wiki, saa nane kwa siku, kwa miaka miwili. Tulihesabu wiki 50 kwa mwaka, tukapata saa 2,400. Nikamuuliza Jumamosi hufanya nini. Kumbe alikuwa akijitolea katika zahanati, saa sita kila Jumamosi, karibu wiki 40 kwa mwaka, na hizo zikaongeza saa 480. Jumla ikawa 2,880, maana kazi ya kujitolea nayo huhesabiwa. Tatizo likabaki kwenye safu ya tatu: barua ya zahanati ilisema tu kwamba “alishirikiana nasi vizuri”, bila tarehe wala saa. Ilimbidi arudi kuomba nyingine inayotaja mwezi wa kuanza, mwezi wa kumaliza na saa za kila wiki. Omba barua ya namna hiyo ungali kazini, kabla msimamizi wako hajahamishwa. Zingatia pia kwamba mafunzo kwa vitendo yaliyokuwa ya lazima katika shahada yako, yale tunayoyaita fildi, hayahesabiwi.

Umri ni jambo la kukagua haraka. Ufadhili wa Serikali ya China huweka ukomo wa miaka 35 kwa uzamili na 40 kwa uzamivu. Wa Uturuki ni 30 na 35. Angalia tu ni tarehe ipi umri unapimwa.

Majina yanahitaji uangalifu zaidi ya umri. Ikiwa jina la babu limo kwenye pasi ya kusafiria lakini halimo kwenye cheti cha kidato cha nne, au herufi moja imepishana, muone wakili upate hati ya kiapo, na pale ambapo jina limebadilika kabisa, sajili hati ya kubadili jina. Usisubiri wiki ya mwisho, kwa kuwa shughuli hii haiendi kwa kasi unayoitaka wewe.

Yapo pia masharti ya baadaye ambayo ni sehemu ya kustahili tangu leo. Chevening hutaka uombe kozi tatu na uwe na udahili usio na masharti katika mojawapo ifikapo Julai. Pia hutaka urudi nchini kwako kwa angalau miaka miwili. Mnufaika wa Fulbright naye hufungwa na sharti la miaka miwili nyumbani kupitia viza yake. Mwenye mchumba ughaibuni alizungumze hilo nyumbani kabla ya kutia saini, kwa sababu ni ahadi ya kweli.

Mwisho, pima uzito wa maneno. “Lazima” humaanisha usiombe kama huna. “Kwa kawaida” humaanisha kuna nafasi ya kuuliza. “Watapewa kipaumbele” hakumzuii mtu yeyote. Ukibaki na shaka, waandikie wasimamizi wa ufadhili swali moja fupi lenye takwimu zako, kwa mfano: “Nina shahada ya miaka mitatu, GPA 3.7, niliyohitimu Novemba 2021, na miaka mitatu ya kazi. Je, ninatimiza sharti la shahada ya miaka minne?” Hifadhi jibu lao pamoja na vyeti vyako.