Saizi gani ya vani inakufaa kwa kazi: pima mzigo kwanza, gari baadaye

Watu wengi wakitaka vani ya kazi wanaanzia kwenye picha na majina, Hiace au Transporter, Trafic au Vito, alafu wakishaipenda moja ndio wanaanza kujiuliza vitu vyao vitaingiaje humo. Mimi kazi yangu ni kufunga shelfu, rafu na sakafu za plaiwudi ndani ya hizi gari za mafundi na wasambazaji, kwahiyo nakutana na gari likiwa limeshanunuliwa tayari, na naomba sana wewe ufanye kinyume chake.

Nazungumzia vani za katikati, yaani sio vile vidogo vilivyojengwa juu ya gari la familia, na sio yale makubwa ambayo mtu mzima anasimama wima ndani. Kwa kawaida hizi za katikati zina urefu wa mita 4.6 mpaka 5.4, nafasi ya mzigo kama mita za ujazo 5 mpaka 7, na zinabeba kwenye tani moja hivi, nyingine chini ya hapo na nyingine juu kidogo. Shika hiyo tani moja kichwani maana ndiyo inayowaponza watu wengi kuliko nafasi.

Andaa tepu ya kupimia, chaki, mizani (hata ile ndogo ya kujipimia mtu inatosha), karatasi na kalamu.

Hatua ya 1: Toa kila kitu chini

Kila unachobeba siku ya kazi ya kawaida kiweke chini sakafuni. Nasema siku ya kawaida, sio ile siku moja uliyohamisha kabati la shemeji. Ukinunua gari kwa ajili ya siku moja ya mwaka utakuwa unaliendesha tupu siku zingine zote na kuhangaika nalo kwenye kona na maegesho bure, wakati hiyo siku moja ungekodi tu kubwa zaidi.

Sasa tafuta vitu vitatu: kirefu kuliko vyote, kipana kuliko vyote, na kirefu kwenda juu ambacho hakiwezi kulazwa (friji, mtungi wa gesi, mashine yenye oili). Andika vipimo vyake. Kwa fundi bomba kile kirefu ni bomba, kwa seremala ni shiti ya plaiwudi, kwa fundi umeme mara nyingi ni ngazi. Ngazi inaweza kukaa juu kwenye keria, plaiwudi hapana, upepo utaibeba au mvua itaiharibu, kwahiyo usihesabu vitu vya juu pamoja na vya ndani.

Hatua ya 2: Pima uzito, na hapa usiwe na haraka

Nenda kwenye kibati cha mtengenezaji, mara nyingi kipo kwenye nguzo ya mlango wa mbele au chini ya boneti. Utakuta namba za kilo zimepangwa, kwa kawaida nne: ya kwanza ni uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake, ya pili ni gari likiwa na trela, ya tatu ni ekseli ya mbele na ya nne ni ekseli ya nyuma. Chukua ile ya kwanza, toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndio uwezo wako wa kubeba. Kwa kanuni za Ulaya uzito wa gari tupu tayari umehesabu dereva wa kilo 75 na tangi la mafuta asilimia 90, lakini hausemi kitu kuhusu msaidizi wako, shelfu zako wala keria.

Tufanye hesabu. Tuseme gari lina uzito wa juu kilo 2,800 na tupu ni 1,850, umebaki na 950. Shelfu za plaiwudi pamoja na sakafu kilo 150, msaidizi 80, keria na ngazi 45, masanduku ya vifaa na mashine 200. Jumla 475. Umebaki na kilo 475 tu, yaani mifuko 9 ya saruji ya kilo 50 na hapo umekaribia kikomo, wakati ukiangalia nyuma unaona gari bado tupu kabisa. Ndio maana nasema macho yanadanganya. Vigae vya sakafu vinakaribia kilo 20 kwa mita moja ya mraba, kwahiyo mita 20 za vigae ni kama kilo 400 na vinakaa kwenye kona ndogo tu karibu na mlango.

Kuna hesabu ya haraka ninayoitumia. Gawa uwezo wa kubeba kwa mita za ujazo. Gari la kilo 1,000 na mita za ujazo 5.5 linatoa kama kilo 180 kwa kila mita ya ujazo. Kama mzigo wako ni mzito kuliko hapo (saruji, vigae, rangi, vyuma, maji) utamaliza kilo kabla ya nafasi, na kama ni mwepesi (godoro, maboksi ya nguo, pamba ya kuzuia joto) utamaliza nafasi kwanza. Mtu wa kundi la kwanza hana sababu ya kununua bodi ndefu. Na kuna jambo wauzaji hawalisemi kwa sauti: bodi ndefu yenyewe ni nzito zaidi, kwahiyo kama uzito wa juu kwenye kibati ni uleule kwa fupi na ndefu, ile ndefu inabeba kilo chache. Unalipia zaidi ubebe pungufu.

Hatua ya 3: Chora gari chini kwa chaki

Chukua vipimo vya sakafu ya gari unalolitaka, chora sakafuni kwako kwa ukubwa halisi, kisha panga vitu vyako ndani ya mistari. Usisahau kuchora shelfu, sentimita 35 au 40 upande mmoja, na usisahau vile vibonge viwili vya bati ndani, pale tairi za nyuma zinapoingia kwenye bodi. Hivyo vibonge ndio vinaamua mambo mengi.

Mfano wa plaiwudi. Shiti ya kawaida ni mita 2.44 kwa 1.22. Renault Trafic ya kizazi kilichoanza 2014 bodi fupi ina sakafu ya kama mita 2.54 na ndefu kama 2.94, kwahiyo kwa urefu shiti inalala hata kwenye fupi na milango ikafungwa, inabaki sentimita 10. Upana sasa. Volkswagen Transporter T6 kati ya kibonge na kibonge ni mita 1.244, shiti ni 1.22, umebakiwa na milimita 24, yaani 12 kila upande. Inapita. Lakini fundi akikuwekea plaiwudi ya milimita 12 kuzungushia vibonge ili bati lisikwaruzwe, zile 24 zimeisha zote na shiti hailali tena, itabidi uisimamishe pembeni ule njia ya katikati. Mambo ya milimita haya, na nimeshawaambia wateja wavue mbao walizotoka kufungiwa. Kwahiyo ukipima gari pima na vile litakavyokuwa baada ya kufungwa vitu.

Patisheni nayo, ule ukuta nyuma ya siti, nyingi zimevimba kurudi upande wa mzigo ili siti ipate kulala kidogo. Pima urefu chini sakafuni na upime tena kwenye kimo cha mita moja, namba ya kwenye karatasi ya mauzo kawaida ni ya chini.

Wa paleti sikilizeni hili. Paleti ya Ulaya ni mita 1.2 kwa 0.8. Ukiziweka kwa mapana kati ya vibonge, kila moja inakula sentimita 80 za urefu, tatu ni mita 2.4, zinaingia kwenye sakafu ya mita 2.54. Ya nne ingehitaji 3.2. Kwahiyo bodi ndefu ya 2.94 inakupa paleti tatu zilezile, hizo sentimita 40 kwako hazina kazi.

Hatua ya 4: Milango

Hii fupi. Mlango wa pembeni wa vani hizi unacheza kwenye mita moja, mara nyingi pungufu. Paleti kwa upande wa 0.8 inapita, kwa 1.2 haipiti. Ukipakiwa na foklifti chukua milango miwili ya nyuma inayofunguka mpaka ubavuni, ule mmoja unaopanda juu ni mzuri ukisimama kwenye mvua lakini foklifti inaugonga. Pima uwazi wa mlango, sio upana wa ndani, maana uwazi ni mdogo siku zote.

Hatua ya 5: Gari litalala wapi na litapita wapi

Vani nyingi za katikati zenye paa la kawaida zina kimo kati ya mita 1.9 na 2, na hiyo sio bahati mbaya, vizuizi vya maegesho ya ghorofani na ya chini ya ardhi vingi vimewekwa mita 2 au 2.1. Ukifunga keria umeshaongeza, ukiweka ngazi juu yake ndio kabisa. Na kumbuka gari tupu linasimama juu zaidi kuliko lililopakia, kwahiyo unaweza kuingia na mzigo vizuri, ukashusha, ukakwama wakati wa kutoka. Pima ukiwa tupu.

Urefu nao usiangalie namba ya nje peke yake, angalia umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma. Transporter T6 fupi ni mita 3 katikati ya ekseli na ndefu ni 3.4, kwahiyo ile ndefu inahitaji nafasi kubwa zaidi kugeuza, tofauti unaisikia kabisa. Peugeot Expert ya 2016 na kuendelea, bodi ya kati na ile ndefu zote zina mita 3.275, urefu ulioongezwa wote uko nyuma ya tairi. Hiyo inageuza sawasawa na mwenzake, ila makalio yanatanuka kwenye kona, ukikata usukani umekaribiana na ukuta mkia unaufuata ukuta. Njia zako zikiwa na kona kali chukua za namna hiyo na ujifunze kuuchunga mkia.

Hiace inastahili maneno yake. Ile ya kizazi cha 2004 bodi ya kawaida ni mita 4.695 kwa 1.695 na kimo 1.98, kwa sababu Japani gari dogo la mzigo halitakiwi kuzidi 4.7 kwa 1.7 kwa 2.0, wakakata milimita chache chini ya kikomo. Injini iko chini ya siti, ndio maana ndani ya gari fupi hivyo ukibaki na siti za mbele tu unapata sakafu ya karibu mita 3, ndefu kuliko ya vani nyingi za mita 5 zenye boneti. Kwa urefu wa mzigo kwenye gari fupi naipa namba moja. Bei yake ni upana, ndani ni nyembamba, kwahiyo mwenye plaiwudi aingie na tepu yake mwenyewe. Hiace mpya ya 2019 ina boneti fupi na imerefuka mpaka 5.265, usichukulie kwamba kilichoingia ya zamani kitaegeshwa palepale.

Hatua ya 6: Siti na patisheni

Siti mbili au tatu mbele, amua kwa idadi ya watu wa siku ya kawaida. Mstari wa pili wa siti unakula karibu mita nzima ya sakafu na kila mtu anayekaa hapo anakula kilo za mzigo, rudi hatua ya 2 ufanye hesabu upya. Kwa mafundi bomba natetea patisheni yenye tundu la kupitisha vitu virefu chini ya siti ya abiria, baadhi ya hizi za Ulaya zinakuja nalo, bomba la mita 3 linaingia kwenye bodi fupi bila kutoka nje ya mlango. Ukiwa na tundu hilo sababu kubwa ya kununua ndefu inaondoka.

Hatua ya 7: Jaribu ukiwa na mzigo, alafu upite mizani

Kabla ya kulipa omba kulijaribu na mzigo wako halisi, wengi wanakubali ukiwaeleza vizuri. Vizito vikae mbele karibu na patisheni, chini. Ukiviweka nyuma ya tairi la nyuma vinanyanyua pua, na kwa gari linalovutwa na tairi za mbele utaona zinateleza kwenye mlima wa vumbi au lami iliyolowa.

Kisha nenda kwenye mizani ya magari, pima ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, na gari zima, ulinganishe na zile namba za kwenye kibati. Unaweza kuta jumla iko sawa lakini ekseli ya nyuma imezidi, hapo sogeza mzigo mbele na upime tena. Ikiwa bado imezidi, au jumla yenyewe imezidi, usiongeze springi ukadhani umemaliza, kibati hakibadiliki kwa springi. Muulize muuzaji kama modeli hiyohiyo na bodi hiyohiyo ipo yenye uzito wa juu mkubwa zaidi, vani nyingi zinauzwa kwa viwango viwili au vitatu, na kama haipo ndio uanze kuangalia daraja linalofuata.