Flashi mchana, jua likiwa nyuma ya mtu
Ukimpiga mtu picha asubuhi mjini Bukavu, naye ameipa mgongo Ziwa Kivu huku jua likipanda upande wa Rwanda, kamera hufuata mng'ao wa maji na kuuacha uso wake gizani. Pima kwanza mwanga wa ziwa, kisha washa flashi na kupunguza nguvu yake kwa hatua 1 hivi (yaani hadi nusu), ili uso upate nuru bila kuonekana kana kwamba umepakwa unga wa muhogo. Kwa kamera nyingi, ukitumia flashi, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, isizidi 1/200 ya sekunde. Flashi ndogo ya ndani ya kamera haifiki mbali, kwa hiyo simama mita 2 au 3 tu kutoka kwa unayempiga picha, na akiwa amevaa miwani, ambayo hurudisha mng'ao wa flashi, mwombe ageuze kichwa kidogo.